Mama aliyenisomea Biblia amefariki, sasa Biblia hainiambii kitu

Swali. Bwana asifiwe, Pasta. Nina miaka 34, nauza mawese soko la Kadutu hapa Bukavu. Tangu tukiwa watoto mama alitusomea Biblia kila jioni. Alisoma kwa Kiswahili, kisha akatueleza kwa Mashi. Alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Biblia yake iko kwangu, imejaa mistari ya penseli. Nilianza mpango wa kusoma Biblia yote kwa mwaka mmoja kwenye simu, ili nisimwaibishe. Nimefika Hesabu. Nasoma usiku nikitoka sokoni, lakini ni kama kusoma tangazo la ukutani. Silii, sifurahi, sisikii kitu. Katika chumba cha maombi wameniambia nina roho ya ukavu, nifunge siku saba na nilete sadaka ya kuifungua. Wengine wananitumia mistari kwenye WhatsApp, nayo inanichosha tu. Je, imani yangu imekufa? Nianzie wapi? Na tena, naweza kuandika ndani ya Biblia ya mama, au ni kumkosea?

Jibu. Asifiwe, mama. Pole sana na kilio. Najua pole umezipokea nyingi, lakini pokea na hii.

Tuondoe kwanza hilo la roho ya ukavu, maana likibaki limekaa katikati yetu hutasikia lingine lolote. Mtu aliyezika mama yake akakosa machozi hana pepo, ana msiba. Fungua Zaburi ya 88, ile iliyowekwa jina la Hemani Mwezrahi. Inaanza kwa kumwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu", halafu kuanzia hapo inashuka tu: shimoni, vilindini, rafiki wamekaa mbali, Mungu ameficha uso. Zaburi nyingi za maombolezo, nazo ni karibu theluthi moja ya kitabu chote, zikikaribia mwisho hugeuka na kuahidi sifa. Hii haigeuki. Kwa Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni giza. Na wale waliokusanya zaburi 150 waliiona ilivyo, wakaiacha humo, ikaimbwa katika ibada pamoja na zile za shangwe. Kama ukavu ni pepo, basi pepo huyo ametungiwa wimbo ndani ya Maandiko. Kufunga ni kuzuri, mimi mwenyewe nafunga, ila sijasoma popote kwamba kunalipiwa. Hela ya hiyo sadaka ongezea mtaji, hasa siku hizi. Tangu vita vilipofika mjini Februari 2025 sote tunajua biashara inavyokwenda.

Na imani yako haijakufa. Ambaye imani yake imekufa hafungui simu usiku, miguu inamuuma, ili asome kitabu cha Hesabu.

Hapo kwenye Hesabu nilicheka kidogo, unisamehe. Biblia tunayotumia sisi Waprotestanti ina sura 1,189. Zigawe kwa siku 365, unapata sura tatu na kitu kila siku bila kupumzika hata Jumapili. Ukifika Hesabu ya saba unakutana na mistari 89 katika sura moja. Wakuu kumi na wawili, kila mmoja na siku yake, kila mmoja na sahani ya fedha, bakuli la fedha na kijiko cha dhahabu kilichojaa ubani, na orodha inarudiwa neno kwa neno mara kumi na mbili. Mimi nimefundisha Agano la Kale miaka mingi na sura hiyo naipenda. Mwandishi angeweza kusema "na wale wengine vilevile" akamaliza kazi, lakini alikataa, kila kabila likasomewa zawadi yake yote. Ila hiyo ni furaha ya mwalimu aliyeshiba, aliyekaa mezani mchana. Kwa mtu anayetoka Kadutu jioni na msiba kifuani ni mzigo juu ya mzigo. Uache huo mpango. Hukumwahidi Mungu, ulijiahidi mwenyewe, na mama yako hakuwahi kukusomeeni kwa hesabu ya sura.

Sasa hilo la kutosikia kitu. Nadhani unatafuta kitu ambacho Biblia yenyewe haijakiahidi kwa haraka hivyo, yaani ule mguso, ule mwili kusisimka. Sikiliza methali yetu wenyewe: baada ya dhiki faraja. Maneno yote mawili yametoka Kiarabu. Dhiki maana yake ya asili ni wembamba, mahali panapokubana. Faraja ni kufunguka, kupata upenyo. Waebrania nao walisema hivyohivyo. Zaburi 118, mstari wa 5: "Katika shida yangu nalimwita Bwana, Bwana akanijibu, akaniweka panapo nafasi." Neno lililotafsiriwa shida hapo, kwa Kiebrania, ni mahali pembamba, na jibu la Mungu ni nafasi. Wewe unaijua njia ya katikati ya meza za Kadutu saa za msongamano: wabebaji wanapiga kelele, bidoni inakugonga mgongoni, huwezi kwenda mbele wala kurudi. Halafu unatokea barabarani. Hujafurahi, jua bado linachoma na deni bado ni lako, lakini unaweza kunyanyua mabega na kuvuta pumzi. Faraja ya Zaburi mara nyingi ndiyo hiyo tu. Kwa hiyo ukimaliza kusoma usijiulize kama umeguswa. Jiulize kama umepata nafasi ya kusema lililo moyoni.

Hilo sikulijua nilipoanza uchungaji. Nilikuwa kijana, nikipita vitandani katika hospitali moja hapa mjini, nikamkuta baba aliyekuwa amefiwa na mtoto asubuhi hiyo. Sikumwuliza hata jina la mtoto. Nilifungua Warumi 8:28 na kumsomea kwamba "katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema". Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akaichukua Biblia mkononi mwangu, akaifunga, akaiweka juu ya godoro tupu, akasema: "Pasta, kaa kwanza." Nikakaa. Tulikaa hadi watu wa kwao wakafika. Mstari ule ni wa kweli na hata leo nauhubiri, lakini siku ile niliutumia kama kizibo, nimzibe mdomo asije akasema kitu ambacho nisingeweza kukijibu. Rafiki za Ayubu walinizidi akili: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Walianza kukosea walipofungua vinywa.

Kwa hiyo hao wanaokutumia mistari kwenye WhatsApp usiwakasirikie sana. Wengi wanaogopa, kama nilivyoogopa mimi. Nina hakika mmoja wao amekutumia Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho". Siku moja, ukipata nguvu, isome katika barua yake. Maana ni barua kweli, iliyotoka Yerusalemu ikapelekwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli. Sura iliyotangulia inasimulia habari za nabii Hanania, aliyewaahidi watu huko Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Watu walimpenda, nani asingempenda? Yeremia akaandika kwamba ni miaka sabini, hivyo "jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake". Mstari wa 11 uko baada ya hayo. Aliyeuandika alikuwa ameshawaambia ukweli kuhusu urefu wa safari. Ukiukata hapo na kuutuma peke yake, unageuka kuwa neno la Hanania kwa mdomo wa Yeremia, na nadhani ndiyo sababu unakuchosha.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia Zaburi ya 56, mstari wa 8, na ukae hapo mwezi mzima:

"Umehesabu kutanga-tanga kwangu; uyatie machozi yangu katika chupa yako; je! hayamo katika kitabu chako?"

Juu ya zaburi hiyo imeandikwa kwamba ni ya Daudi, Wafilisti walipomkamata huko Gathi. Mtu yuko mbali na kwao, mikononi mwa adui zake, hana wa kumwambia. Nimekuchagulia hiyo kwa sababu ya kazi yako, maana unajua chupa kuliko mimi. Nimewatazama ninyi wauza mawese. Mnamimina polepole kutoka kwenye bidoni, jicho liko kwenye shingo ya chupa, na mafuta yakijaa mnapitisha kidole mdomoni mwa chupa, kisha kidole chenyewe mnakifutia ndani, tone lisidondoke chini. Hakuna anayepima mawese kwa macho, chupa ndiyo inayosema ni kiasi gani. Daudi anamwomba Mungu amfanyie hivyo, machozi yapimwe yasidondoke ovyo. Kwa Kiebrania ni kiriba, mfuko wa ngozi waliobebea maji, maziwa au divai safarini. Kuna na mchezo wa maneno ambao Kiswahili hakikuweza kuubeba: kutanga-tanga kwa Kiebrania ni *nod*, na kiriba vilevile ni *nod*. Sikio linasikia neno moja mara mbili, kana kwamba zile hatua zako za kuzunguka-zunguka ndizo zilizoshonwa zikawa mfuko wa kubebea machozi.

Angalia tena vitenzi. Kuhesabu, kutia chupani, kuwamo kitabuni. Hiyo ni kazi ya soko! Mungu wa zaburi hii ana daftari, kama lile lako la wanaochukua kwa deni. Wengi wanaposoma mstari huu hukimbilia machozi na kuruka hesabu, nami naona hesabu ndiyo yenye uzito. Mtu mwenye huzuni haogopi sana maumivu yenyewe, anaogopa kwamba hakuna aliyeyaandika popote.

Utaniambia hulii. Ndiyo, na mstari hausubiri ulie, unaanza na kutanga-tanga. Kupanda Kadutu asubuhi bila kuwa na mtu wa kumwambia "mama, naenda", kurudi jioni na kukuta kiti kiko tupu, kuchukua simu umpigie halafu ukakumbuka. Hayo nayo yanahesabiwa. Mengine ya chupa yaache hadi yatakapokuja yenyewe.

Namna ya kusoma ni hii, na si ya kwangu. Jioni, kabla ya kula ikiwezekana, maana ukishashiba bugali usingizi hauna huruma, kaa mahali pale mama alipokuwa akikaa, au karibu yake kama hapo bado panauma. Soma mstari huo kwa sauti, mara tatu, polepole. Kisha useme kwa Mashi, kama alivyokuwa akifanya yeye. Usitafute tafsiri nzuri, sema vile ungesema jikoni. Kisha chukua neno moja lililokukwama, ulirudishe kwa Mungu kama swali au kama lawama, vyovyote. Halafu funga. Usiongeze mstari wa 9 kwa sababu tu umepata nguvu. Mtawa mmoja wa karne ya 12, Guigo wa Pili wa shirika la Wakartusi, aliiandika njia hii kama ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafuna kilichosomwa, kuomba, kisha kutulia tu mbele za Mungu. Wewe kwa sasa ukifika cha tatu umefika mbali. Hata ukiishia cha kwanza, kesho ipo.

Juu ya sauti nasisitiza. Zaburi ya kwanza inamsifu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, nasi tukisikia kutafakari tunamwona mtu amenyamaza, mkono shavuni. Neno la Kiebrania lililo pale ni la mdomo na koo. Isaya analitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (31:4), tena kwa mlio wa hua katika wimbo wa mfalme Hezekia aliyeponea chupuchupu (38:14). Katika Matendo 8 Filipo anakimbilia gari la yule mtu wa Ethiopia, na anamsikia akisoma nabii Isaya, ameketi garini na anasoma kwa sauti. Hata Augustino, karne ya nne, alishangaa kumkuta askofu Ambrosi wa Milano akisoma kwa macho tu, kinywa kimenyamaza. Ukikaa usiku kando ya ziwa, kule ng'ambo ya Muhumba, ukawasikia wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakipiga makasia kwa wimbo, utaelewa bila mwalimu: wanaimba kwa sababu makasia ni mazito. Simu imetuzoesha kusoma kimyakimya kwa kidole gumba, na maneno yanapita machoni bila kugusa koo. Yako yalikuwa yanapita koo la mama. Sasa ni zamu ya koo lako, na mwanzoni litakataa.

Biblia ya mama, kama ina maneno kama "nijapopita" na "gongo lako na fimbo yako", bila shaka ni ile ya mwaka 1952, Union Version, yenye Kiswahili cha pwani ambacho nasi huku Kivu tumekizoea kanisani kuliko barabarani. Usome hiyo hata kama maneno mengine hayaeleweki. Ukikwama, Habari Njema ni nyepesi zaidi, na ipo pia Biblia ya Kiswahili cha Kongo. Wasomi wetu watakupa Segond ya Kifaransa. Ni nzuri, lakini sidhani kama mama yako alikulaza kwa Kifaransa. Hukusema wewe ni wa kanisa gani. Kama ni Mkatoliki, usishangae katika vitabu vya zamani kuikuta zaburi hiyo kwenye namba 55, wao walifuata hesabu ya Kigiriki na zaburi ni ileile.

Usisome peke yako siku zote. Yule Mwethiopia alipoulizwa kama anayaelewa anayoyasoma alijibu, "Nitawezaje, mtu asiponiongoza?" akamsihi Filipo apande akae naye. Angalia alivyofanya: hakumwambia abaki barabarani ahubiri, alimpa nafasi kwenye kiti. Ninyi mlikuwa na kanisa dogo nyumbani, mama na watoto, na limefungwa bila mtu kulifunga rasmi. Nadhani sehemu kubwa ya ukimya unaousikia ni huo. Biblia yako haijawahi kuwa kitabu cha mtu mmoja. Umeizoea na pumzi ya mtu wa pili chumbani, na sasa unaisoma kwenye kioo cha simu, ndani ya neti, peke yako. Mpigie ndugu yako mmoja jioni mbili kwa juma, dakika tano, mmoja asome, mwingine aseme kwa Mashi. Akiwa mbali, hata ujumbe wa sauti unatosha. Kama mtaani kwenu kuna shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki, nenda. Maaskofu wa Kongo walianza kuzipa uzito jumuiya hizi ndogo mwaka 1961, na zipo zinazosoma Injili kwa zile hatua saba zilizotoka Lumko, Afrika Kusini, ambapo mtu anarudia kwa sauti neno lililomgusa bila kulifafanua, na wote wananyamaza kidogo. Mimi ni Mprotestanti na hiyo ya kunyamaza nawaonea wivu. Katika vyumba vyetu vya maombi mtu akinyamaza sekunde kumi tunadhani ameondoka.

Tuje kwenye penseli ya mama. Usiifanye kuwa ujumbe kutoka kuzimu, najua watu watakaokuambia hivyo. Ile ni njia aliyopita, basi. Ukiwa tayari, si leo, fungua Zaburi ya 23 uangalie amepiga mstari wapi. Wengi hupiga kwenye "Sitapungukiwa na kitu". Wewe angalia jinsi maneno yanavyogeuka katikati. Mwanzoni mchungaji anasemwa kwa mbali: hunilaza, huniongoza, hunihuisha nafsi yangu. Ni kama mtu anayesimulia habari za baba yake kwa wageni. Kisha linakuja bonde la uvuli wa mauti, na humohumo bondeni, bila taarifa, anaacha kusimulia na kumgeukia: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Kwenye majani mabichi alikuwa Yeye. Bondeni amekuwa Wewe, na anabaki Wewe pale mezani, mbele ya watesi, mafuta yanapomiminwa kichwani. Zaburi haisemi bonde limeondoka. Askofu mkuu wetu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini hapa tarehe 29 Oktoba 1996, anakumbukwa kwa kusema kwamba kuna mambo yasiyoonekana vizuri ila kwa macho yaliyolia. Mimi niliifundisha zaburi hiyo miaka kadhaa bila kuliona hilo geuko. Niliona baada ya kumzika kaka yangu.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, au mawazo ya kutaka kufa yanakujia, usingoje mstari. Eliya, katika 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumsomea kitu, alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Mkate na maji. Akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, ndipo safari ya siku arobaini, na sauti ndogo ya utulivu mwisho kabisa. Katika mji huu tuna SOSAME, wanaotibu magonjwa ya akili na moyo uliovunjika, na kwenda kule si kumsaliti Mungu. Nimewapeleka watu wa kanisani kwangu, nami nikakaa nao kwenye benchi. Mwambie mtu wa nyumbani kwako leo, akusindikize.

Na kuhusu kuandika ndani ya Biblia ya mama: andika. Yeye mwenyewe aliandika, kwa hiyo nyumbani kwenu ruhusa ilishatolewa. Ila tumia penseli kama yeye. Wino wa kalamu hupenya zile karatasi nyembamba ukatokea upande wa pili, na ukiandika Zaburi ya 56 utachafua 57. Weka tarehe pembeni, ndogo, ya siku utakayosoma kwa mara ya kwanza kwa sauti. Kama yeye naye aliweka tarehe hapo, niandikie uniambie ni ya mwaka gani.